Mke Mwenzangu wa Dizeli

Jumatatu, 3 Juni

Mungu ni mwema. Leseni ninayo! Nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo, kwenye kurasa za shukrani. Umri miaka hamsini na mmoja, elimu darasa la saba, wajukuu wawili, na leo ni dereva. Miezi mitatu nimekuwa nikimwambia mume wangu nakwenda mazoezi ya kwaya. Ni uongo, najua. Nimeshautubu, tena mara mbili.

Sasa mpango. Mzee wangu yuko hospitalini wiki ya tatu, mguu wa kulia umefungwa plasta tangu alipoteleza kwenye ngazi. Anaruhusiwa Jumamosi saa nne. Nitamfuata mwenyewe, na gari lake mwenyewe. Hajui lolote. Atatoka mlangoni na magongo yake, anikute nimeketi kwenye usukani, kiwiko dirishani.

Nimewaambia kina mama wote wa kikundi cha sala. Wifi yangu, dada wa mume wangu, naye nimemwambia; furaha ilinijaa kooni. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema atakuja na gari lake jipya, lile la kubonyeza kitufe, ili mgonjwa asije akalala njiani.

Tutaona.

Jumanne, 4 Juni

Gari letu tunaliita Bi Mkubwa. Mzee alilinunua mwaka mmoja kabla ya kunioa, na hajawahi kulifokea. Ni la dizeli, rangi ya chai ya maziwa, mlango wa nyuma unafunguka kwa nje tu.

Asubuhi nilivaa gauni la kutokea. Nikasali barazani, nikaingia, nikazungusha ufunguo moja kwa moja kama nilivyozoea kwenye gari la shule ya udereva. Injini ikazunguka, ikazunguka, kwikwi tupu. Haikuwaka. Moshi mweupe nyuma kama mtu anayefukuza mbu. Nikajaribu mara tisa. Ya kumi hata kwikwi ikakata, ikabaki ti, ti, ti.

Wifi akapita wakati huohuo, sijui nani humpigia simu. Akauliza kama kuna kitu kinaungua. Nikamjibu nalipasha gari moto. Akasema pole, akaenda zake akitingisha mabega.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwita fundi betri. Wanamwita Chaji, ni kijana wa heshima, aliwahi kuwa mwanafunzi wangu wa darasa la dini. Betri ameichukua asubuhi, ameirudisha mchana imejaa. Akataka kukaa aone injini inavyowaka. Nikamkatalia. Fundi akiwasha yeye, wifi atasema fundi ndiye aliyewasha. Akaanza kunieleza kwamba dizeli za zamani zina utaratibu wake. Nikamwambia dizeli naijua tangu hajazaliwa. Akafungua mdomo tena, nikamkatiza tena. Akaondoka akijikuna kichwa.

Nikajaribu. Injini sasa inazunguka kwa nguvu mpaka kuku wa jirani wanaruka. Kuwaka, haiwaki. Nikadhani labda mafuta, maana mshale wake ulikufa zamani. Nikamimina dumu zima. Wapi! Nikaosha taa za mbele. Wapi.

Gari linang'aa sana, lakini. Hilo lisemwe.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimetumia akili. Nimekwenda hospitalini na machungwa. Nikimmenyea mzee, nikauliza hivi hivi, kama mtu anayeuliza habari za mvua: mtu akitaka kuwasha gari la zamani, si lako, la mtu mwingine tu, anaanzaje?

Mzee akaacha kutafuna. Akasema nisiliguse gari mpaka arudi. Nikaapa kwamba nauliza tu. Akatabasamu.

"Bi Mkubwa anataka sala kwanza, mama watoto. Bila sala, hata mimi haniwakii."

Akaendelea na maneno ya sijui kataa gani kadogo ka dashibodini, lakini nilikuwa nimeshasimama na kikapu mkononi. Nilichokifuata nimekipata. Na miaka yote hii nilidhani imani yake ni haba!

Ijumaa, 7 Juni

Kina mama kumi na mmoja wamelizunguka gari. Mikono juu ya boneti, dakika arobaini kwa saa ya mwenyekiti wetu. Mmoja mwenye presha alisali ameketi kwenye bampa. Sijawahi kuona gari limeombewa vile. Kisha nikapanda kwa madaha, nikazungusha ufunguo moja kwa moja.

Kwikwi. Moshi mweupe ukamfunika mwenyekiti. Alipoonekana tena alisema huenda miongoni mwetu kuna mwenye dhambi asiyoiungama. Wote wakanitazama mimi. Nikaungama ile ya kwaya kwa mara ya tatu, kwa sauti. Bi Mkubwa hakujali.

Wifi alikuwa getini. Safari hii hakucheka. Akasema kesho saa tatu atanipitia, na nisijisumbue.

Nimekaa barazani peke yangu. Niandike ukweli, maana daftari hili halina wifi. Miaka ishirini na sita nimekaa kiti cha abiria. Mzee amenipeleka kujifungua mara nne, amenipeleka msibani kwa mama yangu, mvua ikinyesha, hakuniuliza neno. Nilitaka mara moja tu nimbebe mimi.

Jumamosi, 8 Juni

ANDIKA, KALAMU, ANDIKA!

Wifi alifika saa tatu kamili. Nikamwomba dakika moja niagane na Bi Mkubwa. Nikaketi, nikazungusha ufunguo nusu, nguvu zikaniishia. Nikalaza paji la uso kwenye usukani. Nikasali ile sala fupi ya safari ambayo mzee huisema akiwa ameketi hapo na mimi pembeni, mkono wake kwenye ufunguo. Nikaisali yote, taratibu. Amina. Mkono ukamalizia kuzungusha.

Bi Mkubwa akakohoa mara moja, akanguruma! Wifi akarukia kwenye maua.

Nimeendesha mwendo wa heshima. Wifi nyuma yangu njia nzima, taa zake za hatari zikiwaka kama anasindikiza rais. Mzee akatoka na magongo. Akaniona. Kiwiko kilikuwa dirishani. Akaganda mlangoni mpaka muuguzi akauliza kama anaumwa.

"Kumbe kwaya yenu inafundisha na gia," akasema.

Akapanda kiti cha abiria. Njiani alijifuta macho, akasingizia vumbi. Vioo nilikuwa nimeshavifunga.

Kisha akanieleza. Eti kwenye dashibodi kuna kataa kadogo ka rangi ya chungwa. Unazungusha ufunguo nusu, unasubiri kazime, maana injini ya dizeli hupashwa moto kwanza ndipo iwake. Kwa kuwa macho yake hayakaoni vizuri juani, amekuwa akipima kwa sala ya safari. Ikiisha, na kenyewe kamezima. Nimemsikiliza kwa heshima zote za mke. Maskini, dawa za hospitali huchosha akili.

Jumatatu, 10 Juni

Kikundi kimepata mwaliko wa mkutano mkubwa mwezi ujao. Mwenyekiti akasema tumeazimwa lori, kilichobaki ni kutafuta mtu wa kuliendesha. Hajamaliza, mkono wangu uko juu. Nimewaambia malori nayajua. Wamepiga makofi, mwenye presha naye alisimama.

Leseni yangu inasema magari madogo, lakini hiyo ni karatasi. Chaji alijitolea kunionyesha lori hilo linavyowashwa. Nimemshukuru, nikamwambia asijisumbue. Sala nimeshaichagua. Ni ndefu kidogo, kwa sababu ya ukubwa wa injini.