Service ya Kutafuna Pole Pole

Raiya wote ba Butembo na Beni bajulishwe: njaa imekwisha. Mouvement yetu, ya bapiganaji benye kutawala kwetu, ilitangaza vile ku radio, mwaka ule wa vita, wakati njia ya Lubero ilikuwa imefungwa na viazi binaoza kule juu ku milima. Bakubwa balikaa mu réunion, bakakula mbuzi, bakavumbua ukweli: chakula haikukosa hata siku moja. Taabu ni mbio. Raiya anakula mbio.

Njo ikazaliwa Service ya Kutafuna.

Chef wetu, Papa Malachie, alitufundisha akili yake. Tumbo na kichwa, alisema, ni bureau mbili. Ukikula, tumbo inatuma rapport ku kichwa kusema imeshiba, lakini ile rapport inatembea kwa miguu. Mutu wa mbio anaomba sahani ya pili wakati rapport ingali mu njia. Donc: kila tonge ya bukari, ile ugali yetu, itafunwe urefu wa sala ya Salamu Maria moja, mudomo umefungwa, bila kusema neno. Sahani ya pili hapana, mpaka rapport ifike. Mimi nilijaribu, na ni kweli kabisa. Ukitafuna maharagi pole pole, inakuwa tamu, na kidogo inatosha. Inaomba tu ukuwe na maharagi.

Kazi yangu ilikuwa mwangalizi wa midomo. Masomo yangu iliishia primaire, lakini Papa Malachie aliniona siku moja nimekaa ku moto, nangojea maharagi ya Musienene iive, ile magumu, akasema patience ya kungojea kama hii inapotea bure. Akanipa kiti ku mulango ya malewa moja, nyumba ya kuuzisha chakula, niangalie namna batu banameza.

Malewa yenyewe ilikuwa ya mama mudogo wangu, Mama Kanyere, pale Rughenda, mu Butembo, karibu na kiwanja ya ndege. Hapo njo taabu ilianza. Bateja bake ni bashofere, na shofere anakula camion yake inanguruma inje. Ramazani, shofere wa Beni, aliuliza kama yeye Muislamu atatafuna urefu wa nini. Service ilikaa mu réunion asubuhi muzima, ikajibu: urefu ule ule, lakini bila Maria.

"Chef," Ramazani akaniambia, "nikitafuna vile, camion itafika Beni na itarudi kunitafuta."

Bakaendelea kukula mbio. Nikapeleka habari kwa chef, juu kazi ni kazi. Papa Malachie akakuja na kufuli ya bureau ya Beni mu mukono. Alimuambia Mama Kanyere kama Mukubwa mwenyewe wa Service atatoka Beni na ndege, atakula hapa mbele ya raiya, kwa mufano. Ikienda muzuri, malewa itabaki. Ikiharibika, kufuli.

Mama Kanyere akaitika na heshima. Papa Malachie alipoenda, akaniuliza kama batoto bake nao batatafuna ile kufuli pole pole. Nikamuambia niko na imani ku Service.

"Jokébed, mutoto wa dada yangu," akasema, "imani weka kando. Twanga majani ya sombe."

Mukubwa akafika, tumbo mbele, basoda bake na bunduki nyuma. Sasa, kwetu bageni ba safari moja habagawiwe sahani. Banakula pamoja, mikono yote mu sahani moja kubwa. Na wakati ule wa vita, mukubwa mwenye kukula peke yake, batu banasema anaogopa basoda bake bamuwekee sumu. Ile jambo, mu réunion yote ya Service, hakuna mutu aliifikiri.

Mama Kanyere akaleta sahani: bukari, sombe, mbuzi. Mukubwa akakata tonge, akaweka mu mudomo, akafunga. Bashofere bakasongamana ku madirisha. Akatafuna. Papa Malachie akatafuna kando yake, macho imefungwa kama mutu anapokea komunyo. Basoda, bao, balijifunza kukula mu pori, mahali adui hangojee Salamu Maria iishe. Mbuzi ikaanza kupunguka. Mukubwa akaona. Akainua kidole, akatoa macho. Kusema hakuweza, juu mudomo ilikuwa ndani ya sheria.

"Mmm," akasema.

"Mukubwa anasema ni tamu," soda moja akaelezea benzake, akachukua mufupa ya mwisho.

Mukubwa alipomeza, sahani ilikuwa nyeupe.

"Mama, ongeza."

Mama Kanyere akainama na heshima yote. "Mukubwa, rapport ya tumbo haiyafika."

"Imefika. Inasema njaa."

"Ile ni ya asubuhi, Papa. Tungoje ya sasa."

Tukangoja. Chungu ilikuwa ku moto, harufu ya mbuzi inapita mu pua ya kila mutu bila kuomba ruhusa. Mukubwa akaangalia Papa Malachie. Papa Malachie alikuwa angali anatafuna.

"Mama," Mukubwa akasema kwa sauti ya chini, "hakuna njia ingine?"

"Sheria ni yako, Papa. Ukisema haiko hapa, haiko hapa."

"Haiko hapa."

"Batu ba nyuma habasikie."

Mukubwa akasimama. Akatangaza, na ile sauti ya radio, kama ku malewa ya Mama Kanyere kila mutu akule namna anapenda, leo na siku zote, na kufuli irudi ku Beni. Bashofere bakapiga mikono. Mama Kanyere akajaza sahani mupaka juu.

Mukubwa akaingiza mikono mbili. Tonge ilikuwa haiyashuka, ingine inafuata, na basoda bakamufuata kama vile mu vita. Nilikuwa ku kiti yangu ku mulango, nikaona shingo ya Mukubwa inasimama na macho inakuwa mekundu. Tonge imemukaba. Papa Malachie akatafuta mu sheria kitu ya kufanya. Ramazani akaruka banc, akamupiga mugongo mara na mara, akamupatia maji.

"Pole pole, Mukubwa," akamuambia. "Chakula haikimbie."