Sisemi Hataki Wali Wangu

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Siku ya kumi na saba ya ndoa yangu! Naandika kwenye daftari langu la Baiolojia la kidato cha nne, kurasa za nyuma. Huko mbele nilichora moyo wa binadamu nikapata alama nane kwa kumi. Sasa naona hata hizo nane nilipendelewa. Mchoro mzima hauna mahali pa Cletus.

Cletus! Mume wangu! Nimeandika "mume wangu" mara sita pembeni ya ukurasa. Yuko kambini Ugalla, anarina asali. Tulikaa siku tisa tu baada ya harusi, akapanda treni na madebe yake matupu. Nilikuwa nimemfichia sabuni ya kunukia kwenye begi. Akaigundua pale pale stesheni, akanirudishia, akasema kule kwenye mizinga haitakiwi kabisa. Nililia. Mwanaume wa porini, hata sabuni hataki! Nikampenda zaidi.

Anarudi Jumamosi. Akirudi atakaa mwezi mzima. Mwezi mzima!

Tatizo ni Sisemi. Sisemi ni mbwa wake. Rangi ya udongo, sikio moja limesimama, jingine limelala. Aliitwa hivyo kwa sababu habweki. Kweli hasemi. Wiki nzima tuko wawili humu ndani na hajanitazama usoni hata mara moja.

Leo kaja wifi Romana, dada mkubwa wa Cletus. Kakaa, kamtazama mbwa, kanitazama mimi, kauliza kama anakula. Nikasema anakula vizuri mno. Uongo! Hajagusa chakula changu tangu Cletus aondoke. Wifi akasema basi nina bahati, maana kuna msichana wa kijiji cha Mamba aliyechumbiwa na Cletus kabla yangu, Sisemi akamkataa, hakula hata tonge mkononi mwake, na uchumba ukafa. Kisha akasimama, akajikung'uta kitenge. "Haya wifi, tutaonana stesheni Jumamosi. Tumwone na mzee Sisemi anasemaje." Akacheka mpaka barabarani.

Mbwa ana kura katika ndoa yangu!

Mpango: ifikapo Jumamosi Sisemi awe anakula mkononi mwangu, na atembee ubavuni mwangu hadi stesheni. Wifi aone. Cletus aone. Mpanda nzima ione.

Jioni nimepika tena ya watu wawili. Mkono umeshazoea. Sahani ya Cletus nikampa Sisemi. Wali wa Mamba, mchele mpya, na mchuzi wa kuku! Kanusa. Kaondoka. Kuku wa jirani wameingia wakala wali kwa mchuzi wa mwenzao, bila aibu.

Jumanne, 6 Agosti

Mifupa! Kwa nini sikufikiria mifupa?

Asubuhi nimekwenda sokoni Kashaulili kwa Thadei wa buchani. Nikaomba mfupa mzuri, wenye nyama kidogo, usiwe na ncha kali, na kama upo wenye uloto itakuwa vizuri zaidi. Thadei akaweka panga chini. Akauliza, "Shemeji, huyo ni mbwa au ni baba mkwe?" Foleni nzima ikacheka. Nikacheka na mimi, kwa heshima. Akanipa wa paja.

Sisemi kaupokea! Kaupokea kwa adabu kabisa, mdomo laini, hajanigusa hata kidole. Nikapiga makofi peke yangu uani. Kisha katoka na mfupa, kapita kwenye tundu la uzio, kapotea. Karudi baada ya saa nzima, mdomo mtupu. Hakuna dalili ya kula. Tumbo lile lile.

Jioni nimeelewa. Nimemwona kwa Minza! Minza ni jirani yetu, Msukuma, ana ng'ombe watatu na anauza maziwa. Sisemi alikuwa analamba maziwa kwenye mfuniko wa sufuria, mkia unakwenda huku na huku. Sikujua kama mkia ule unafanya kazi.

Minza akapaza sauti juu ya uzio: "Bibi harusi! Mumeo mdogo yuko huku!"

Nikajifanya nilikuwa naanika nguo. Sikuwa na nguo. Nikaanika taulo kavu.

Jumatano, 7 Agosti

Leo ni vitafunio. Nimepanga kama mtihani wa maabara, kila baada ya saa moja.

Saa tatu, biskuti ya glukosi. Kaichukua, kaondoka nayo.

Saa nne, andazi la moto. Kaondoka nalo.

Saa tano, kashata ya karanga, nimeipika mwenyewe na nimeungua kidole. Kaondoka nayo.

Saa sita, kichwa cha samaki mgebuka aliyekaushwa wa Karema. Kaondoka nacho, mkia wima, kama mtu wa posta.

Saa saba, maziwa. Si ya Minza! Nimetembea hadi upande wa pili wa mji kununua ya mtu mwingine. Sisemi kayatazama, kisha kanitazama mimi, kama mwalimu wa Hesabu alivyokuwa akitazama daftari langu. Nimeyaonja. Maji matupu. Nimeyanywa mwenyewe, kwa hasira.

Betri za redio zimekufa. Nimezianika juani, zikaimba dakika kumi kwenye kipindi cha salamu, zikafa tena. Nilituma kadi wiki iliyopita, Dafrosa wa Mpanda anamsalimu mume wake mpenzi Cletus popote alipo. Labda imesomwa katika zile dakika ambazo betri zilikuwa zimekufa. Au bado.

Nimeongea na Sisemi jioni nzima, yeye kwenye mlango mimi kwenye kigoda. Nimemweleza rangi ya tai ya Cletus siku ya harusi. Nimegundua kuwa leo, ukiondoa yule mama aliyeniuzia maziwa, sikuongea na mtu mwingine.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mtaa mzima umekwenda kwenye sherehe. Wifi Romana alipita na mashoga zake, akapunga mkono, hakusimama. Minza alikuja kunichukua, akaniambia nijifunge khanga twende tukaone mahindi makubwa na fahali, nisikae ndani kama kuku anayeatamia. Nikakataa. Kichwa kinaniuma, nikasema. Siwezi kutembea na mwanamke anayenichukulia mbwa!

Akaondoka. Nikajuta kabla hajafika kona.

Nimevaa gauni la harusi la jioni, lile la bluu, basi tu. Nimejipaka na yale marashi ya chupa aliyonipa shangazi yangu wa Sumbawanga. Chupa ikaniponyoka, nusu ikanimwagikia miguuni.

Sisemi akatoka. Nikaamua kumfuata, nijue hicho chakula changu anampelekea nani. Nilijua tu kuna mwanamke mwingine!

Amepita sokoni, kweupe, hakuna mtu. Amevuka reli. Amekwenda hadi mwisho kabisa wa jukwaa la stesheni, upande ule treni inapotokea. Akakaa.

Na pale chini, kwenye kokoto, kulikuwa na mfupa wa Thadei. Biskuti. Andazi langu, limeingia sisimizi. Kashata. Kichwa cha mgebuka. Vyote vizima, vimepangwa pamoja. Maziwa tu ndiyo hayakuwepo, maana maziwa hayabebeki mdomoni.

Nikakaa na mimi. Gauni la bluu kwenye kokoto. Hakukuwa na treni leo, sote tulijua, tukatazama reli hivyo hivyo. Tulikaa mpaka vivuli vikawa virefu na watu wakaanza kurudi kutoka kwenye sherehe wakiimba. Mara nikasikia kitu kizito mguuni. Sisemi kaweka kidevu chake juu ya kandambili yangu! Kavuta pumzi ndefu, kafumba macho.

Nililia kidogo. Kisha nikashtuka. Mguuni! Kwa nini mguuni, na kwa nini leo?

Marashi!!

Nimepata siri yake. Siku nne nahangaika na mifupa, kumbe mbwa huyu anataka harufu nzuri. Ana mapenzi kama mimi.

Ijumaa, 9 Agosti

Kazi ya leo ni mkanda wa shingoni. Kesho mbwa hawezi kwenda kumpokea bwana wake shingo wazi kama mbwa wa jalalani.

Nimeangalia vyote. Kamba ya katani: inawasha. Mpira wa tyubu ya baiskeli: unanuka fundi. Mkanda wa ngozi wenye vifungo vya kung'aa kwenye duka la pembeni ya soko: mzuri, lakini muuzaji akasema ulikuwa wa mbwa wa mzungu mmoja wa mbugani, na mimi sitaki Sisemi avae mitumba ya mbwa mwingine. Minza akatoa mkanda wa ndama wenye kengele, bure. Nikashukuru, nikakataa. Kesho watu waseme nimempeleka ng'ombe stesheni?

Mwishowe nimekata utepe mweupe wa gauni langu la kanisani. Mkasi ulipopita kwenye satini moyo uliniuma. Lakini ni kwa ajili ya ndoa! Nimeukunja mara tatu, nimeshona kwa uzi mwekundu D na C. Kisha nimeuchovya katika marashi yote yaliyobaki, isipokuwa matone machache chini ya chupa. Usiku mmoja wa kunywa harufu vizuri.

Nimemjaribisha. Kapiga chafya mara tano. Furaha imemzidi.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Ilianza vizuri kama ndoto. Sisemi alitembea ubavuni mwangu! Kutoka nyumbani hadi stesheni, bega lake na goti langu, utepe mweupe unameremeta. Thadei alitoka buchani, akavua kofia. Wifi Romana alikuwepo tayari, viatu vya kisigino. Alimtazama mbwa, akanitazama, mdomo wazi. Nikasema tu, "Shikamoo wifi." Sijawahi kusema shikamoo tamu kama ile.

Treni ikaingia. Cletus! Mweusi kwa jua, ndevu, mzuri kuliko nilivyomkumbuka, anashusha madebe yake sita ya asali. Moja lilikuwa linavuja, na nyuki wachache walikuwa wanalizunguka kwa utulivu, kama wanavyofanya siku zote mizigo ya asali ikishuka. Hakuna aliyejali.

Sisemi akanichomoka. Akaruka, miguu miwili kifuani kwa Cletus, akabweka! Mara ya kwanza! Nami nikakimbia nyuma yake na gauni langu la bluu.

Ndipo nyuki wakabadilisha sauti.

Sijui walitoka wapi wengi kiasi kile. Melkiadi, mpokea treni, alitupa bendera zote mbili akajifungia ofisini. Wifi Romana alipita mbele yangu viatu mkononi, sikujua ana mbio. Cletus akaangusha madebe mawili yakapasuka, asali ikatambaa kwenye jukwaa, nyuki wa mji mzima wakaitikia mwaliko. Nilimkumbatia mume wangu, kwanza kwa mapenzi, halafu kwa maumivu.

Minza ndiye aliyetuokoa. Alikuwa stesheni anauza maziwa kwa abiria. Akajifunika khanga kichwani, akamshika Sisemi, akaukata utepe kwa meno, akautupa mbali relini. Nyuki wakaufuata wote, wakatua juu yake mpaka hauonekani, D wala C. Kisha akatuvuta hadi kwake, akatutoa miiba mmoja mmoja. Alipofika kwenye kidole changu kilichoungua na kashata akauliza hicho nacho ni nyuki gani. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka na mtu siku nyingi.

Jumapili, 11 Agosti

Cletus yuko nyumbani! Jicho moja limefunga, mdomo wa juu umekuwa kama andazi. Bado mzuri.

Nimempa habari ya msichana wa Mamba. Akacheka akashika shavu kwa uchungu. Kumbe msichana yule aliondoka mwenyewe, alisema hawezi kuolewa na ratiba ya treni. Wifi alikuwa ananitania tu, kama mawifi wanavyotania bibi harusi. Na Sisemi hajawahi kula vizuri Cletus akiwa porini, tangu akiwa mdogo. Huwa anangoja. Cletus akasema hajawahi kusikia kwamba amemwekea mtu kidevu mguuni, na kama kafanya hivyo ni kwa sababu nilikaa naye. Ni mpole sana Cletus. Hajui habari za marashi.

Kisha akanieleza jambo refu kuhusu nyuki na harufu na kwa nini warina asali hawaogi kwa sabuni. Sikushika yote. Nilikuwa namtazama jicho lile lililo wazi.

Nilichoshika ni hiki: madebe mawili yamemwagika, na wanunuzi wa asali wanangoja sita. Kwa hiyo hakai mwezi. Anarudi Ugalla kwa treni ya kesho.

Kesho!

Nimetoka nje kidogo. Nimerudi. Leo nilipika ya watu wawili na tulikuwa wawili, na Sisemi amekula ugali wote, mkononi mwangu, mbele ya Cletus. Kesho sijui.

Lakini sikati tamaa. Cletus amelala mchana huu, nami nimepata wazo. Safari hii hatanisahau hata dakika moja. Nimechukua shati lake la kurinia, lile zito la mikono mirefu, nimelifua kwa ile sabuni ya kunukia, na kwenye kola nimemalizia matone yote ya chupa ya shangazi. Nimelikunja chini kabisa ya begi, asiligundue stesheni. Atalivaa akiwa juu ya mti, mbele ya mzinga, na ghafla nitakuwa pale pamoja naye!

Sisemi amekaa mlangoni, ananitazama nikifunga zipu. Amepiga chafya mara tatu.

Wivu tu.