Walivyonipenda Mikumi

Alhamisi, 8 Mei 1975

Kilosa. Keshokutwa tunaendesha Siku ya Msumbiji kule Mikumi. Madarasa mawili, wakulima, wafugaji, vumbi. Nilikuwa nimeshapanga kuugua. Kisha Bwana Yeremia, mkuu wa ofisi yetu ya elimu ya watu wazima, akasema jambo la maana kwa mara ya kwanza tangu aletwe hapa. Mwezi ujao mkoa unapeleka msafara Msumbiji kwenye sherehe za uhuru. Wilaya yetu imepewa nafasi moja. Atakwenda mwalimu atakayesifiwa zaidi katika maoni ya washiriki.

Nafasi moja, walimu wawili: mimi na Fausta. Nimepona papo hapo.

Fausta anafundisha mapishi. Hana ramani. Hajui mto Zambezi unaanzia wapi. Anacheka na kila mtu, hata wafagizi, jambo linaloshusha hadhi ya elimu. Simwogopi hata kidogo.

Jioni nimempelekea Joha, fundi cherehani, kitambaa cha koti la safari. Akauliza kama Msumbiji kuna baridi. Nikamweleza kwamba mtu wa msafara havai koti kwa ajili ya baridi. Hakuelewa. Sikutegemea aelewe.

Jumamosi, 10 Mei

Mikumi. Tumefika saa tatu, tumetikiswa na landrova mpaka ini limehama. Watu sitini hivi. Wengi wametoka Jitegemee, kijiji cha ujamaa kilichoko mwendo wa saa nne kwa miguu. Wote wangeweza kukaa kwao.

Mimi nilipewa ukumbi. Fausta akapewa kivuli cha jengo na masufuria. Nilifurahi, maana ukumbi una heshima. Sikujua kwamba madirisha yanaingiza harufu. Alikuwa anapika majani ya muhogo kwa karanga na nazi, eti ndivyo wanavyokula Msumbiji. Nilipokuwa bado kwenye mipaka ya nchi, watu wangu wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakisema wanakwenda kujisaidia. Hakuna aliyerudi bila mafuta mdomoni.

Maswali yalikuwa mawili. La kwanza la mfugaji mmoja, Kitashu. Alitaka kujua kama Msumbiji kuna mbung'o, na kama wapo, ng'ombe wanaishije. Nikamjibu kwamba mbung'o hawamo katika somo. Akakaa. Baada ya muda akanyoosha mkono, akauliza tena swali lile lile.

La pili halikuwa swali. Mzee mmoja wa Jitegemee, jina lake Tomasi, alikuwa amekaa mbele tangu asubuhi bila kupepesa macho. Nilikuwa nimempa shikamoo yake kamili mlangoni, kwa hiyo sijui nilimkosea nini. Nilipoonyesha kwenye ramani kwamba Wamakua wanakaa kusini ya Zambezi, akasimama, akasema samahani mwanangu, Wamakua wako kaskazini. Nikamwuliza amesoma wapi. Akasema hakusoma, amezaliwa huko. Alivuka Ruvuma kwa miguu akiwa kijana, akaja kukata mkonge Kimamba, na Zambezi hajawahi kuiona.

Nikamweleza kwa upole kwamba miaka ni mingi, huenda ameisahau. Ukumbi ukacheka. Nadhani walikuwa wanamcheka yeye.

Mwisho tukagawa karatasi za maoni. Wasiojua kuandika waliandikiwa na waliojifunza mwaka jana. Nimeona wakiandika kwa muda mrefu, ndimi nje. Dalili nzuri.

Jumapili, 11 Mei

Bahati. Bwana Yeremia amenipa bunda lote la maoni niyafanyie muhtasari. Fausta ana mgonjwa Berega, amekwenda hospitali kumwangalia. Nimefunga mlango nikasoma.

Watu hawa hawana shukrani.

Arobaini na mmoja wamesema wamejifunza kupika majani ya muhogo. Mmoja anasema mwalimu wa ramani aliongea mpaka jua likahamia upande wao. Mwingine anauliza kama yule mwalimu wa ukumbini ana ndugu wa kumshauri. Mtu mmoja ameandika jina lake mara nane kisha akageuza karatasi akaandika tena, kwa vile tu sasa anajua. Hilo nimelihesabu kama sifa kwangu. Kitashu ameandikiwa na mtoto wa jirani kwamba ametembea kutwa nzima kuuliza kitu kimoja.

Na kuna hili. Watu kumi na wanane, kila mmoja kwa maneno yake, wanaandika kwamba kama kuna safari ya Msumbiji basi apelekwe Mzee Tomasi. Wanasema ana dada yake huko, aliyemwacha akiwa anajifunza kutembea. Wanasema ni mwaka huu au basi, mzee mwenyewe kifua hakimpi nafasi.

Nimeshangaa sana. Nafasi ni ya walimu. Mtu anayekwenda kwao hawezi kuitwa mjumbe wa msafara, huyo ni abiria tu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata njia. Jumamosi ijayo kuna kilele cha maadhimisho palepale Mikumi, na mgeni rasmi anatoka mkoani. Maoni ya washiriki yatasomwa kwake kama risala. Na nani ataandika risala? Karani mwenye muhtasari. Na nani ana muhtasari?

Risala ina mpangilio wake, hata mtoto anaujua. Kumkaribisha mgeni. Mafanikio. Matatizo. Maombi. Kumtakia safari njema. Nimeanza na mafanikio, nikaandika kwamba washiriki wote, bila kumwacha hata mmoja, wameguswa na somo la Mwalimu Cleopa, yaani mimi. Kuhusu Fausta nimeandika kwamba chakula kilitosha.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwama kwenye maombi. Risala isiyo na maombi mgeni ataitilia shaka. Nimeweka bomba la maji, kwa sababu kila risala ina bomba la maji. Nimeweka mabati ya shule. Lile la Mzee Tomasi nimeliacha nje, halina adabu.

Maombi mawili ni kidogo. Nimewaza mpaka chai ikapoa. Kisha ikanijia sentensi tamu kuliko zote nilizowahi kuandika, na nimeisoma kwa sauti mara tatu: "Kwa kuwa tumempenda Mwalimu Cleopa kupita kiasi, tunaomba asitengane nasi daima." Mgeni akisikia hayo hatakuwa na la kujiuliza. Mtu anayependwa namna hii ndiye wa kupelekwa mbele ya mataifa.

Koti limekuja. Mikono ni mirefu kidogo. Joha anasema alinipima nikiwa nimejinyoosha kwa kiburi.

Ijumaa, 16 Mei

Msomaji wa risala lazima awe mshiriki. Nimemchagua Naipanoi, mke wa mfugaji mmoja wa Jitegemee, aliyehitimu darasa letu mwaka jana. Anasoma neno moja moja, kidole chini yake. Nimefikiri kwamba mtu anayesoma polepole hivyo hana nafasi ya kufuatilia maana.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika haya nikiwa nimelala kifudifudi. Sina hamu hata ya kuvua koti.

Ilianza vizuri. Naipanoi alisoma kwa sauti kubwa, shanga zikilia. Alipofika pale pa wote bila kumwacha hata mmoja, watu wakatazamana. Alipofika kwenye sentensi yangu tamu alisimama, akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma kana kwamba kuna kitu kimedondoka. Kisha akaimalizia. Nilijifanya nafuta machozi.

Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye haraka, akasimama kujibu maombi. Bomba la maji: limesikika, litafikishwa panapohusika. Mabati: mwaka huu hayapo, wananchi waanze na nyasi. Watu wakapiga makofi kwa mkono mmoja. Nikaona jasho linamtoka. Amekuja kutoka Morogoro na hana cha kutoa.

Kisha akafikia ombi la tatu, uso ukamkunjuka. Akasema hili liko ndani ya uwezo wake. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kusikia wananchi wakiomba mtu badala ya kitu, na kwamba huo ndio ujamaa wenyewe. Mwalimu Cleopa hatatenganishwa nao. Kuanzia mwezi huu atahamia Jitegemee, apewe nyumba na shamba, alime nao na afundishe nao. Akaniamuru nisimame. Nilisimama. Hapo makofi yakapigwa kwa mikono yote miwili, na waliocheka zaidi ni wale wa Jitegemee.

Nikanyoosha mkono nieleze kuhusu Msumbiji. Mgeni akasema anaelewa nimezidiwa na furaha.

Ikabaki safari. Bwana Yeremia akamtaja Fausta. Nikasubiri acheke kicheko chake. Hakucheka. Naipanoi, ambaye kumbe ndiye aliyewaandikia wengi maoni yao, alikuwa amemnong'oneza jambo. Fausta akasimama, akasema kuna maoni kumi na manane ambayo hayakusomwa, labda karatasi ilikuwa fupi, na akayasema. Akasema yeye Msumbiji hana mtu. Mgeni akauliza Mzee Tomasi ni yupi. Mzee hakuweza kusimama haraka. Watu wakamwinua.

Alilia mbele ya kadamnasi, mtu mzima na mvi zake. Naona aibu kwa niaba yake. Hata mimi nilifuta macho, safari hii bila kujifanya. Vumbi la Mikumi.

Jumatatu, 26 Mei

Landrova imenishusha Jitegemee na sanduku langu. Mzee Tomasi alikuja kunipokea, nikampa shikamoo bila kumtazama. Akaitikia, akaniuliza kama ile ramani ninayo bado. Nikafikiri anataka kunisimanga. Kumbe anataka kumwonyesha dada yake mahali alipokuwa akiishi miaka yote hii. Nimempa. Nilikuwa sina ukuta wa kuitundika.

Akaniuliza pia kama ana ruhusa ya kuazima koti, kwa kuwa ataonekana na wakubwa. Nilikataa. Halafu nikampa, maana mikono ilikuwa mirefu. Kwake imekaa sawasawa. Imeniudhi mno.

Jumatano, 25 Juni

Uhuru wa Msumbiji. Nimeamka na jembe. Mahindi niliyoyakuta katika shamba nililopewa yanaliwa na nyani wa kutoka hifadhini, wananisubiri nikae chini ndipo waje. Kitashu hupita kila asubuhi na ng'ombe wake, ananisalimu, anauliza kama nimeshapata habari za mbung'o.

Kijiji kizima kimekaa kwenye redio ya mwenyekiti, Ndugu Samweli, kusikiliza sherehe. Ilikuwa kelele tu na ngoma. Mara mtu akakohoa ndani ya redio, na wote wakaruka wakisema hicho ni kifua cha Mzee Tomasi. Nikawaeleza kwamba huko kuna maelfu ya watu wanaokohoa. Wakaniambia ninyamaze ili wamsikie tena. Naipanoi alifumba macho kabisa. Hakukohoa tena mtu yeyote.

Jambo la maana ni jingine. Keshokutwa anakuja mkaguzi wa wilaya. Atachagua mtu mmoja wa kijijini wa kwenda Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Sabasaba, siku tano nzima. Ndugu Samweli hana wa kuandika risala ya kumsomea. Nimejitolea kabla hajamaliza sentensi.

Nimelitafakari kosa la Mikumi na nimelipata. Mapenzi yalikuwa machache. Mgeni alisikia kwamba ninapendwa kiasi cha kupewa jembe, basi akanipa jembe. Safari hii nimemwaga wino. Nimeandika kwamba bila Mwalimu Cleopa kijiji hiki hakiwezi kuishi hata wiki moja.