Mfuko Aliokuja Nao Treni

Kwenye mgahawa wa Mama Tsuruyo hapa Ichinomiya, Japani, ukinunua kahawa ya asubuhi unapewa mkate wa kuokwa na yai la kuchemsha bure, kwa hiyo sisi wastaafu tunashinda pale kama tumeajiriwa. Jana Katibu, aliyestaafu manispaa lakini mdomo wake haujastaafu, alikunja gazeti akaligonga kwa kidole.

"Sikieni maajabu. Wanaweka mapipa yenye mfuniko kwenye vyoo vya wanaume. Eti kuna wanaume wanavaa pedi na hawana pa kuzitupa."

"Pedi za nini?" nikauliza. Mimi wananiita Mkasi, nilikuwa kinyozi.

"Za mkojo. Wakishapasuliwa tezi dume, bomba linavuja."

"Si waite fundi bomba basi."

"Ndo nashangaa. Mwanamume mzima na pedi. Kesho watatuwekea na meza ya kubadilishia nepi."

Treni hakucheka. Jina lake Isogai, ameendesha treni miaka arobaini. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kwa binti yake Hamamatsu, akaja moja kwa moja kutoka stesheni, na mfuko wa karatasi wa duka kubwa ameubana katikati ya miguu.

"Wewe Treni," nikamchokoza, "Jumamosi safari ya kuoga chemchemi za maji moto unakuja, au mgongo bado?"

"Mgongo bado."

"Mgongo wako una akili sana. Unauma siku za safari tu."

"Huyu anafuata nyayo za Bahili," Katibu akanong'ona, Mama asisikie. Bahili ndiye marehemu Mitsuji, mume wa Mama. Miaka sita ya mwisho alikwepa kila safari, na sisi miaka sita tulimsema.

Mama akaja na kahawa, akauona mfuko. Huku kwetu mtu akitoka safari lazima awaletee wenzake kitu, hata kama safari yenyewe ni ya saa moja.

"Bwana Isogai, umetukumbuka jamani."

Treni akaukumbatia. "Hapana, Mama. Hiki si kitu cha kukupa."

"Mwone alivyo na adabu," Katibu akasema. Ndivyo tunavyotoa zawadi, unaiponda kwanza.

"Mama, kweli, ni takataka."

"Wewe nawe, unajishusha mno."

"Naapa. Ukipokea nitaona aibu maisha yangu yote."

"Aisee, hiyo kali," nikasema. "Hamamatsu wanafundisha watu."

Mama akavuta, Treni akavuta. Mama akainama kushukuru. Sasa mtu akikuinamia utafanyaje? Treni naye akainama, mkono ukalegea, mfuko ukaenda.

"Ngoja nikamwonyeshe marehemu kwanza," Mama akasema, akapita nyuma ya pazia. Zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, na nyumba ile kila zawadi inaanzia madhabahuni, mbele ya picha ya Mitsuji. Tukasikia kengele ndogo ya madhabahu ikilia.

Treni akawa mweupe kama wali. "Nimekwisha."

"Kwani umeleta nini, bomu?"

"Pedi. Nne. Zimetumika."

Katibu akaweka kikombe chini.

"Walinitoa tezi dume," Treni akasema. "Mgongo wangu mzima kabisa. Njia nzima nabadilisha, pipa hakuna, nikazifunga plastiki nirudi nazo nyumbani. Na Jumamosi siendi kwa sababu kule tunaoga uchi pamoja, na nawajua mlivyo."

"Mbona mfuko umetuna hivyo kwa pedi nne?" Kinyozi hajui kunyamaza.

"Ni za usiku. Nilikwenda duka la dawa vituo vitatu mbele, asinione mtu. Rafu ndefu kama behewa. Za matone, za kikombe kizima, za usiku kucha, za kuvaa kama chupi. Binti wa dukani akasema, 'Nikusaidie, babu?' Nikabeba kubwa kuliko zote nikakimbia. Nikivaa natembea kama bata."

Pazia likafunguka. Mama alikuwa amesikia yote, pazia ni kitambaa tu.

"Nisamehe, Mama. Naenda kuzitoa."

"Ziache kwanza. Marehemu anazijua." Akaketi mezani kwetu, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya. "Alivaa miaka sita. Kila mkipanga safari anasema mgahawa haufungiki. Nyie mkamwita Bahili, mkidhani sisikii. Akaniambia, afadhali waniite bahili."

Nikatazama yai langu. Siku ya mazishi yake nilirudia utani huo huo mbele ya watu, wakacheka, nami nikajiona mjanja. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Na wewe umechagua vibaya," Mama akamwambia Treni. "Mchana vaa zile nyembamba za wanaume, zenye kifuko kwa mbele, na chupi ya kubana, si hizo kaptula zako za kuingiza upepo. Za usiku ziache usiku. Mazoezi ya kubana misuli ya chini unafanya?"

"Naona aibu."

"Fanya hapa hapa ukinywa kahawa, nani atajua? Mimi nilimwona Mitsuji anayafanya akiosha vikombe."

Nikachukua orodha ya safari, nikaandika Isogai kabla hajabisha. "Tutakukodia bafu la pembeni, la mtu peke yake. Na dereva tutamwambia asimame kila saa."

"Kila nusu saa," Katibu akasema, macho kwenye gazeti. "Mtu akishakunywa kahawa, saa nzima ni mbali. Na akae viti vya mbele, nyuma basi linarusha, likirusha tu mkojo umetoka."

Tukamgeukia wote watatu.

"Nimesoma humu," akasema.

Mama akamchukulia gazeti taratibu, akalikagua juu mpaka chini, akamrudishia. Katibu akamenya yai lake, akalimaliza lote, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Hilo bafu la pembeni," akaniuliza, "wawili hawaenei?"