Stoo Yenye Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Leo redioni afisa wa maafa amesema kila nyumba iwe na akiba yake: maji safi, chakula kikavu, taa, dawa za huduma ya kwanza, filimbi. Tuanze kidogo kidogo, anasema, leo kitu kimoja, kesho kingine. Kidogo kidogo! Maneno ya mtu ambaye hajawahi kukabidhiwa stoo. Mimi nimetunza stoo ya kiwanda cha sabuni tangu nikiwa na nywele, mpaka juzi waliponistaafisha kwa saa ya ukutani na makofi. Saa haitembei. Makofi yalikuwa machache.

Tangu hapo naamka alfajiri, navaa, halafu sina pa kwenda. Nakaa kitandani na viatu miguuni. Leo viatu vimepata kazi.

Mafuriko ya mwaka jana yalitukuta na kipande cha mshumaa na nusu chupa ya maji. Tulishinda juu ya meza, mimi na mama watoto, tukitazama ndala zetu zikielea kuelekea mlangoni. Hayatatukuta hivyo tena. Nimeshachagua chumba: kile cha pembeni, kikavu, chenye dirisha kubwa. Kasoro yake ni moja tu. Ni chumba cha kushonea cha mama watoto. Humo anashona sare za shule kwa mwanga wa dirisha, maana macho yake siku hizi hayaelewani na taa.

Nimemweleza. Akauliza cherehani itakwenda wapi. Nikasema koridoni. Akakata uzi kwa meno, kisha akasema, "Kichukue. Lakini siku nitakayohitaji kitu kilichomo humo ukaninyima, nabeba cherehani yangu naenda kwa dada."

Nimemhakikishia kwamba stoo yote ni kwa ajili yake. Ya nani mwingine? Watoto wameshaoa na kuolewa, tumebaki wawili.

Jumatano, 5 Machi

Stoo imejaa! Mapipa ya maji, mchele, maharage, sukari, chumvi, viberiti, mishumaa, mafuta ya taa, tochi na betri zake. Sanduku la huduma ya kwanza, na ndani yake bandeji nyeupe pe, bado imo kwenye nailoni. Kila kitu kimetazama mbele. Nilisimama mlangoni nikitazama, machozi yakanilengalenga. Sioni haya kuandika.

Vingi nimevitoa jikoni kwetu wenyewe. Huo ni uhamisho wa ndani, kila mtunza stoo anaufahamu. Mama watoto hakuufahamu. Alirudi sokoni akakuta rafu zake zinapiga miayo. Akauliza sukari iko wapi. Nikamwambia iko salama. Chai tumeinywa bila sukari, kila mtu akitazama upande wake.

Baadaye akasema, tena kwa upole, kwamba yeye siku zote ana akiba. Akifungua mfuko wa mchele hununua mwingine ukakaa nyuma yake. Wa zamani unaliwa, mpya unasogea mbele. Nikamwelewesha kwamba hiyo si akiba, hayo ni mapishi.

Jioni nimetia kufuli. Ufunguo nimeuvaa shingoni, chini ya fulana, palepale ulipokuwa ule wa kiwandani. Kifua changu kiliupokea kama mgeni wa siku nyingi.

Jirani yetu, fundi baiskeli, alichungulia juu ya ukuta akauliza tunajiandaa na vita gani. Yeye maandalizi yake ni dumu la maji mlangoni na taa ya chemli kwenye msumari. Basi! Maji ya dumu anayatumia kila siku na kulijaza tena kila siku. Nilimcheka mpaka akaingia ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi ya dharura. Mpango ulikuwa hivi: napuliza filimbi, mama watoto anaacha kila kitu, anakimbilia getini. Sikumwambia mapema. Mafuriko nayo hayakutuambia.

Nilipuliza mchana, wali ukiwa jikoni. Akaendelea kushona. Nikapuliza tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akauliza nimekabwa na nini. Ikabidi nimwonyeshe mfano. Nikatoka mbio koridoni huku napuliza, na kwa kweli nilikuwa nakwenda vizuri, ila nilisahau kwamba koridoni sasa kuna cherehani.

Tulianguka wote, mimi na cherehani. Goti langu limeota nundu. Mkanda wa cherehani umekatika.

Majirani walikuja. Fundi baiskeli aliruka ukuta na spana mkononi. Mama muuza mkaa alikuja na gongo, akauliza mwizi yuko wapi amalizane naye. Nikasema hakuna mwizi, yalikuwa mazoezi. Mama muuza mkaa akasema ameacha wateja wake dukani, na safari ijayo akisikia filimbi yangu atauza kwanza. Wengine wakaunga mkono.

Fundi alichukua kipande cha mpira wa tairi, akatengeneza mkanda, cherehani ikaimba. Mama watoto akamwambia ahsante sana shemeji, ahsante kweli kweli. Moja ingetosha. Goti langu hakuna aliyeliulizia. Nilifikiria ile bandeji, nikajikaza kisabuni. Goti si dharura.

Jumatatu, 10 Machi

Bomba limekauka. Mtaa mzima unahangaika na ndoo.

Mama watoto alisimama mlangoni pa stoo na sufuria mikononi, akangoja. Nikamwambia hali hii nimeipima. Maji yamekatika kwa sababu mafundi wanatengeneza bomba kule barabarani, nimewaona kwa macho yangu, mmoja wao amelala. Huo ni usumbufu. Dharura ni kitu kingine. Tukifungua stoo kwa kila usumbufu, dharura ikija itatukuta mikono mitupu.

Akanikumbusha alichosema kuhusu kunyimwa. Nikamjibu kwamba sijanyima, nimeahirisha. Alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akasema hili atalimeza, la pili hatalimeza. Akabeba ndoo kwenda kwa fundi.

Ukuta wetu ni mfupi, nilisikia kila kitu. Fundi alimjazia ndoo bila kuuliza. Mama muuza mkaa akataka kujua yale mapipa ya kwetu yana nini ndani, maziwa? Wakacheka. Mama watoto hakucheka. Alisema tu kwamba mume wake ana sababu zake. Nikiandika haya roho inaniuma. Alinitetea, na alikuwa amebeba maji ya mtu mwingine.

Usiku wa leo nitamwambia neno zuri. Nikilipata.

Jumatano, 12 Machi

Sikulipata.

Leo umeme nao umekwenda. Sare za shule zinatakiwa kesho, kwa hiyo mama watoto akawasha pasi ya mkaa. Koridoni hakuna mwanga, niseme ukweli. Ni giza hata saa za jua. Alipapasa kutafuta kola, akashika pasi.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, ndefu. Nilipofika alikuwa ameushika mkono kwa mkono mwingine, kiganja kizima kimekuwa chekundu. Akasema, "Lete lile sanduku, baba watoto."

Nilikimbia. Liandikwe hilo: nilikimbia, na goti hili! Niliutia mkono wake kwanza kwenye ndoo ya maji, ile ile ya fundi, kisha nikaenda stoo. Nilifungua kufuli. Nilifungua sanduku. Bandeji ilikuwa palepale, nyeupe, imekunjwa na mashine, haijaguswa na mtu. Pembeni yake mkasi, pamba, dawa ya kuungua. Hakuna pengo hata moja. Nikasema moyoni, nikitoa bandeji, hili halitakuwa sanduku kamili tena.

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua nilifunga sanduku. Nikavua shati, nikachana fulana yangu ya zamani, nikaenda nayo.

Mama watoto alitazama ile fulana. Kisha akatazama nyuma yangu. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na mwanga wote wa dirisha lake ulikuwa umeliangukia sanduku.

"Wewe huogopi dharura," akasema. "Unaogopa kutoa."

Nikaanza kumweleza kuhusu sanduku kamili. Fulana aliichukua, akajifunga mwenyewe kwa meno.

Alhamisi, 13 Machi

Amekwenda.

Alimalizia sare kwa mkono mmoja, akazipeleka, akarudi, akafungasha. Fundi baiskeli alikuja na mkokoteni kubeba cherehani. Niliwashikia geti. Sikujua nishike nini kingine.

Nilimwambia kwamba kwa dada yake hakuna akiba yoyote, hata mshumaa hawana. Akasema anajua. Akasema watoto wa dada yake ni wengi, watamtungia uzi kwenye sindano. Alikuwa na bandeji mkononi, safi. Amefungwa na mke wa fundi.

Nimepika wali, nusu mbichi. Nimeketi kula nikaweka sahani mbili. Nimeumia, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe, daftari.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Tangu mchana, ile ya kupasua mabati. Kufika jioni maji yamepanda mpaka kwenye ngazi ya mlango, umeme bado haujarudi, giza limeingia mapema. Nikatangaza dharura. Nilitangaza kwa sauti, wima, katikati ya chumba. Utaratibu ni utaratibu.

Nikapuliza filimbi. Hakuna aliyekuja. Nikapuliza tena. Kwa mbali nikamsikia mama muuza mkaa akiwaambia watu wasihangaike, ni yule mzee na mazoezi yake.

Nikafungua stoo. Lile dirisha nilikuwa nimeliacha wazi, vitu vipate hewa. Mvua imeingia tangu mchana nisijue, maana tangu jana sikutaka kukitazama chumba kile. Viberiti vimelowa chapachapa. Dumu la mafuta ya taa limeanguka juu ya mchele. Sukari imekuwa uji. Mishumaa ilikuwa chini ya bati; joto la wiki nzima limeikunja ikashikana, haina pa kushikwa. Tochi ndiyo nzima. Betri zimelala kwenye maji.

Nilikaa juu ya pipa gizani. Nina maji ya kutosha, yapo ndani ya pipa na nje ya mlango. Nilifikiria mama watoto angesema nini, nikajua asingesema kitu. Angesogeza miguu tu ili nami nipate nafasi juu ya meza, kama mwaka jana. Nikalia kidogo. Kulikuwa na mvua, hakuna aliyesikia.

Mara hodi. Fundi baiskeli, maji magotini, taa ya chemli inawaka mkononi. Akasema, "Mkeo amenipigia simu. Ameniomba nikuangalie, na nikuachie hii."

Ile taa! Kioo safi, utambi mpya, tangi limejaa. Hakuna kutu hata chembe. Nikamshukuru, nikamwambia sina shida, najitegemea. Akanitazama, akatazama giza nyuma yangu, akaenda zake.

Nimeizima nikaiweka stoo, rafu ya juu, mahali pakavu. Taa nzuri namna ile si ya kutumia ovyo. Haya nayaandika kwa mwanga wa simu, nayo iko karibu kuzima.

Jumapili, 16 Machi

Jua. Maji yamerudi yalikotoka. Umeme umewaka.

Mama watoto amepiga simu. Aliuliza kama nimekula. Aliuliza kama nyumba imesimama. Mkono wake unapona. Kisha akasema hataki maneno mengi: nikikitoa kila kitu kwenye chumba chake na kumwachia dirisha lake, atarudi leo hii, kabla ya jua kuzama. Nikasema ndiyo. Nilisema upesi, naye akacheka kidogo, kicheko kile cha zamani. Dada yake alisikika nyuma akiuliza kama mkokoteni uitwe.

Niliingia kazini papo hapo. Mchele unaonuka mafuta, nje. Sukari, nje. Mishumaa, nje. Nikaipiga rafu moja kitambaa ikang'aa, na mwanga ukaja mpaka miguuni mwangu. Nikaona pale palipokuwa na cherehani: alama za miguu yake bado zipo sakafuni. Kweli nilitaka arudi. Nataka.

Ila rafu ilikuwa tupu.

Miaka yote ile kiwandani sikuwahi kuacha rafu tupu. Nikasema nirudishe mchele kwanza, kwa muda tu, mpaka nijue utakaa wapi. Ukikaa mchele peke yake haupendezi, nikarudisha na sukari. Nikarudisha mishumaa. Nikavigeuza vyote vitazame mbele. Sanduku nililifungua kuhakikisha. Bado kamili.

Simu imelia mara kadhaa. Nitapokea nikishamaliza. Nimefunga dirisha vizuri safari hii, nikaongeza kufuli la pili, maana nimegundua kosa lilikuwa nini: watu wanaingia ingia.

Kisha nikakagua yote upya, na kuna habari njema. Akiba hii niliipigia hesabu ya watu wawili. Kwa mmoja, itadumu mara mbili. Nyumba yetu haijawahi kuwa tayari kiasi hiki.