Ufuta Wangu Unavyoonekana Kutoka Angani

Jumatatu, 10 Machi. Kitomanga.
Nimerudi kutoka semina na ramani kwenye simu. Stella, afisa kilimo, kasema setilaiti hupita juu yetu, hupima ukijani wa majani, na hapo hukadiria mimea imekua kiasi gani. Aliendelea kusema jambo kuhusu kwenda kukagua kwa macho, ila feni ilipuliza vizuri, nikasinzia. Nikaota naelea juu kule, mwepesi, shamba langu linang'aa chini. Shangazi Saida amezeeka. Katugawia bonde lake nusu kwa nusu, mimi na binamu Yassini. Atakayevuna ufuta mwingi mwaka huu ataachiwa lote. Naliona langu tayari.

Jumatano, 9 Aprili.
Yassini anapalilia toka asubuhi. Mimi sipalilii. Kila jani nitakalong'oa ni kijani ninachojiibia mwenyewe. Shangazi kapita. Nikampa shikamoo, akaitikia huku akitazama magugu, akauliza kama jembe langu limevunjika. Nikamweleza habari za setilaiti. Akasema huyo akishuka nimpe jembe. Nimepanda dunguni, kile kichanja cha kulindia shamba, nimelala chali, mawingu yananipita taratibu. Raha sana.

Jumanne, 20 Mei.
Alhamdulillahi! Kwenye ramani nusu ya Yassini imegeuka njano, inaelekea kahawia. Imekufa. Yangu kijani tupu. Nimeenda kumpa pole. Akauliza pole ya nini, akaendelea kunoa panga. Mfiwa huwa hivyo.

Alhamisi, 12 Juni.
Kumbe ile njano ilikuwa kuiva. Yassini alikata, akasimamisha matita yakakauka. Leo kayapindua juu ya turubai, ufuta ukamiminika. Ya kwangu nimetikisa mpaka mikono ikauma. Yamedondoka majani, na panzi. Shangazi hakugomba. Kanishika bega, kasema bonde ni la Yassini, nami nikitaka kula nimlindie shamba, nguruwe wasiingie. Nimeumia. Nimelia dunguni, na dungu lenyewe sasa ni la Yassini.

Jumapili, 15 Juni.
Nimetulia. Nikifumba macho bado naiona pwani yote, Lindi mpaka Kilwa, ikielea chini yangu. Kosa si la setilaiti. Bonde lile ni dogo mno kwa macho makubwa kiasi kile. Leo nimeona kwenye ramani, kule Pande: kijani kizito, masika na kiangazi, wala hakuna aliyelima. Nikampigia mjomba Saad, mkazi wa huko. Kacheka, kasema hiyo ni mikoko, imeota matopeni, na bahari huingia humo kila siku. Hata mjomba ana wivu. Shamba linajimwagilia lenyewe, halafu watu wamelala. Kesho naondoka na mbegu.