Nell, Kengele na Kazi Niliyojipangia

Jumatatu, 11 Septemba

Nimetajirika! Au nitatajirika Ijumaa, ni yale yale. Dada yangu Noreen kaniambia wakati wa chai: halmashauri imekubali bajeti binafsi ya Nell. Yaani fedha za kumsaidia mtoto mwenye mahitaji maalumu sasa anapewa mama mwenyewe, naye anaajiri amtakaye. Ijumaa anakuja Bwana Sandhu wa halmashauri kuamua zitumike kwa kazi gani.

Nell ni mpwa wangu. Ana miaka kumi na hajawahi kutamka neno kwa kinywa. Ana tableti yenye picha. Akibonyeza, sauti ya mwanamke inasema. Neno moja moja tu. Tosti. Nje. Basi. Walimu na daktari wanasubiri siku atakapounganisha mawili, na Noreen anasubiri kuliko wote.

Anataka kumwajiri Bi. Tulip, mpiga kengele wa kanisani. Kengele! Kwa mtoto anayejificha chini ya meza akisikia kengele ya shule! Nikamwambia mtu anayefaa yuko mbele yake, anamalizia keki yake. Nell angekuja nami bustanini kwenye liki zangu, vile vitunguu virefu vya majani. Mashindano ya liki ni Jumamosi na maji hayajibebi. Noreen akasema sheria hairuhusu kumlipa ndugu anayeishi nyumba moja na mtoto. Nikasema sawa. Moyoni nilishahama.

Jumanne, 12 Septemba

Nimehama. Karavani ya kuazima, kijumba cha magurudumu, imeegeshwa mbele ya dirisha la jikoni. Umeme natoa ndani kwa waya. Paa linavuja, lakini ni makazi yangu huru.

Jioni nilikwenda kula kwa Noreen. Nilibisha hodi, kama mgeni yeyote. Akaniambia, “Kaka Cuthbert, umehama hatua tatu. Soksi zako bado ziko juu ya hita yangu.” Nikamjibu kwamba wageni husahau vitu. Nell alinitazama muda mrefu, kisha akabonyeza: Nje. Nadhani alikuwa ananisifia makazi mapya.

Jumatano, 13 Septemba

Leo nimekwenda kwenye mnara wa kanisa, ambako Noreen humpeleka Nell Jumatano, kumpeleleza Bi. Tulip. Nilitaka nione mtoto analia, kisha nimripoti huyo mama.

Sijui hata nianzie wapi. Watu wanane wamesimama duara, kila mmoja na kamba yake. Hakuna wimbo. Kazi yao ni kubadilishana zamu, kengele hii ikitangulia, ile ikifuata, wala hawakosei. Sakafu ilitetemeka mpaka ndani ya meno yangu. Na katikati ya duara, Nell. Mikono imeshuka. Yule mtoto ambaye tangu azaliwe mikono yake inaishi masikioni!

Kisha Bi. Tulip akamwita bila neno, akamwekea mkia wa kamba viganjani, wakavuta pamoja. Juu huko chuma kizito kuliko gari kikapinduka na kuitikia. Nell akafumba macho, akaguna sauti ile ile ya kengele. Miaka kumi sijawahi kumsikia akiguna kwa raha. Nikakaa kwenye ngazi. Nikasahau kabisa nilichokuja kufanya.

Nimekumbuka njiani kurudi. Bi. Tulip ni mshindani hatari.

Alhamisi, 14 Septemba

Bwana Sandhu kapiga simu. Kasema haoni jinsi kengele zinavyomsaidia mtoto, na kama haupatikani ushahidi kwamba Nell mwenyewe anazitaka, sehemu hiyo itakatwa. Noreen alikata simu akaosha kikombe kilichokuwa safi tayari. Akasema pale mnarani ndipo mahali pekee mwanawe hana hofu, sasa aonyeshe vipi mtoto asiyesema? Nilimwonea huruma kwelikweli. Karibu nibadili nia.

Badala yake nikamsaidia. Nikamshauri aweke picha mpya kwenye tableti, ili Nell aweze kuchagua kwa haki. Akaweka ya kengele. Nikamwomba aweke na yangu. Alipotoka, nikaketi na Nell na pakiti ya biskuti. Mpango: akibonyeza Mjomba, anapata biskuti. Alikula pakiti nzima. Hakubonyeza chochote. Ana msimamo, huyu mtoto.

Ijumaa, 15 Septemba

Bwana Sandhu kaja. Mpole, viatu safi. Aliniuliza naishi wapi, nikamwonyesha karavani kwa fahari. Akaufuata waya kwa macho mpaka jikoni. Akauliza naoga wapi. Nikabadilisha mazungumzo haraka, nikamwambia kengele ni makelele tu, mtoto anahitaji udongo na liki. Noreen alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena.

Bwana Sandhu akanipita. Akapiga magoti kwenye zulia, karibu na Nell lakini si karibu sana. Akamuuliza yeye mwenyewe angependa kufanya nini siku za Jumatano. Noreen kashika birika kama litamkimbia. Mimi nimebana pumzi.

Nell akavuta tableti.

“Nataka,” ikasema. Akatafuta. Kidole kikatangatanga. “Kengele.”

Hakuna aliyesogea. Mawili! Kayaunganisha! Na kidole bado kinatembea.

“Mjomba.” Moyo wangu ukaruka.

“Hapana.”

Noreen akakaa chini palepale sakafuni. Bwana Sandhu akavua miwani akaanza kuifuta, akaifuta, akaifuta. Na mimi nililia kwa sauti, sioni haya kuandika. Maneno manne! Kayapanga mwenyewe, yeye na kidole chake, na kila mtu chumbani kamwelewa! Nilitoka mbio nikamwambia mleta barua, nikamwambia jirani na mbwa wake: mpwa wangu kanikataa kwa sentensi kamili! Bwana Sandhu kapitisha kengele zote. Sijapata kuona jambo kubwa kama hili maishani mwangu, nami nilikuwepo, nilikuwa ndani ya sentensi.

Jumapili, 17 Septemba

Liki zangu zimekuwa za mwisho. Sijali. Nimetafakari ibada nzima wala sikusikia mahubiri.

Nani kamfundisha Nell kuunganisha maneno? Walimu wamejaribu miaka. Daktari kajaribu. Mimi nimemkera siku nne tu, kasema sentensi. Huo ni utaalamu! Mji huu una watoto wangapi wasiosema, na kila mmoja ana bajeti yake? Nitakwenda nyumba kwa nyumba, nitawakera kwa upole mpaka wanikatae. Kesho namwandikia Bwana Sandhu.

Nimemweleza Nell mpango wote, kwa sababu ndiye mteja wangu wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akabonyeza: “Mjomba. Hapana. Hapana. Hapana.”

Manne tena! Njia yangu inafanya kazi.